Usalama Uanzie Ndani ya Kopo

Rangi ya gari ya kisasa huuzwa katika makopo mawili. Kopo kubwa ni klia, ile inayoipa bodi mng'aro. Kopo dogo ni hadina. Fundi hupima, mara nyingi sehemu mbili za klia kwa moja ya hadina, akaongeza thina kidogo, akakoroga, akachuja, akamimina kwenye bunduki ya kupulizia iliyounganishwa na kompresa. Tangu hapo anashindana na saa. Vilivyomo ndani ya makopo hayo mawili vimeanza kushikana, molekuli kwa molekuli, na baada ya muda vitakuwa ngozi ngumu isiyotolewa na petroli, jua wala mchanga wa upepo. Rangi ya zamani ya selulosi hukauka kwa sababu thina imepaa. Hii haisubiri thina pekee: inamenyuka.

Kinachofanya kazi hiyo ndani ya hadina ni kemikali za ukoo uitwao isosayaneti. Ndizo pia zinazotengeneza sponji ya godoro, kuta nene za vyumba baridi vya kuhifadhia samaki, soli za viatu na vanishi ngumu ya sakafu. Mkemia Mjerumani Otto Bayer na wenzake ndio waliofungua njia hiyo mjini Leverkusen mwaka 1937, na tangu hapo poliurethani imeingia karibu kila nyumba duniani. Ikishamaliza kumenyuka haina neno. Watu hulala juu yake miaka na mikaka. Hatari iko kabla ya hapo, wakati kemikali bado inatafuta cha kushikana nacho. Inayopeperuka hewani bila kufika kwenye bodi ya gari huingia kifuani mwa aliyeshika bunduki, na huko pia hukuta cha kumenyuka nacho.

Harufu kali inayosikika gereji ikipulizwa rangi ni ya thina. Isosayaneti yenyewe, katika kiwango kinachoweza kudhuru, haitoi harufu ya kumwonya mtu. Ndiyo maana fundi aliyesubiri harufu ipungue, akavua kitambaa usoni na kurudi kukagua kazi yake, huwa amerudi ndani ya ukungu asiouona. Madhara yake si ya siku moja. Mwili wa baadhi ya watu huizoea kemikali hiyo kwa ubaya: baada ya miezi au miaka ya kupulizia bila shida, kifua kinaanza kubana, kikohozi kinakuja usiku, na siku za mapumziko mtu anapata nafuu. Akishafika hapo, chembe ndogo sana inatosha kumwangusha, na dawa ya kweli ni kuacha kazi. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza imekadiria kwamba wapulizia rangi za magari wana hatari ya kupata pumu inayotokana na kazi takriban mara 80 zaidi kuliko wafanyakazi wengine wa nchi hiyo. Hiyo ni nchi yenye wakaguzi, bima na vyumba maalumu vya kupulizia.

Sasa tazama barabara kuu ya A1 ya Kenya, inayotoka Kitale ikapita Lokichar na Lodwar, ikaendelea takriban kilomita 120 hadi Kakuma, kisha Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Kando yake, kuanzia vibanda vya Lodwar hadi vile vya mji wa Kakuma na wadi jirani ya Lopur, mafundi wa jua kali wananyoosha bodi, wanapaka fila, wanapiga msasa na kupulizia. Magari hayakosekani. Kuna malori ya chakula, matatu za Kitale, probox, bodaboda zinazotaka tangi jipya la rangi ya kuvutia, na magari meupe ya mashirika yanayotembea kambini tangu kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba eneo la Kakuma lina biashara zaidi ya 2,000, na uchumi wa takriban Sh5.6 bilioni kwa mwaka. Aliyezoea kusikia kaunti ya Turkana ikitajwa tu wakati wa ukame na mgao wa chakula, takwimu hiyo inamwambia kwamba huku kuna watu wanaofanya kazi za mikono kila siku, wenyeji na wakimbizi, na kwamba afya yao ni suala la kazi na si la msaada.

Kivulini mwa mabati au chini ya mti, upepo ukitokea upande wa ziwa, hakuna chumba cha kupulizia. Kipimajoto cha Lodwar hukaribia au kupita nyuzi 35 mchana karibu mwaka mzima. Joto hilo lina maana mbili kwa fundi. Kwanza, mmenyuko wa kemikali huongeza kasi kadiri joto linavyopanda. Kanuni ya jumla ya wakemia ni kwamba nyuzi kumi zaidi hukaribia kuizidisha kasi mara mbili. Mchanganyiko ambao maelekezo ya kopo yanasema utatumika kwa saa kadhaa katika nyuzi 20, hapa unaanza kuwa mzito mapema, na fundi anaharakisha au anaongeza thina ili asitupe pesa. Pili, mwili hauvumilii kufungwa. Kinga inayostahili ni ovaroli isiyopenya, glavu, na barakoa ya uso mzima inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka kompresa yenye vichujio. Barakoa ya kitambaa au ile ya kawaida ya hospitali haizuii isosayaneti hata kidogo. Hata barakoa ya vichujio vya mkaa haitoshi kuaminiwa kwa kazi ya siku nzima, kwa kuwa kichujio kikijaa hakuna harufu itakayomwambia mvaaji.

Mara nyingi mjadala huishia hapa, na nadhani unaishia mahali pabaya. Tunasema mafundi wetu wakaidi, hawataki kuvaa vifaa. Tunaandaa semina ya siku moja, tunagawa barakoa za bluu, tunapiga picha. Lakini mtu anayelipwa kwa kazi aliyomaliza, katika nyuzi 36, hawezi kubeba peke yake mzigo wa usalama uliobuniwa kwa ajili ya chumba chenye feni jijini Manchester. Usalama unaotegemea nidhamu isiyokatika, vipuri visivyokosekana na mkaguzi asiyechoka, ndio wa kwanza kuvunjika palipo na uhaba. Unaoweza kufika Lopur bila kuharibika njiani ni ule uliowekwa ndani ya kemikali yenyewe, kule ilikotengenezwa.

Ulimwengu ulifundishwa jambo hili kwa maafa makubwa, na ukoo wa kemikali ni ule ule. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, katika jiji la Bhopal nchini India, maji yaliingia kwenye tangi la kiwanda cha Union Carbide lililokuwa na methili isosayaneti. Takriban tani 40 zilitoka zikatanda juu ya mitaa ya maskini waliolala. Serikali ya jimbo la Madhya Pradesh ilithibitisha vifo 3,787 vilivyohusiana na gesi hiyo. Maelfu wengine walikufa katika miaka iliyofuata, na zaidi ya watu nusu milioni walifikiwa na sumu. Kiwanda hakikuwa bila kinga. Kilikuwa na mtambo wa kulipoza tangi, lakini ulikuwa umezimwa tangu Juni mwaka huo. Kilikuwa na mnara wa kuichoma gesi, lakini kipande cha bomba lake kilikuwa kimeondolewa kwa matengenezo. Kila kinga ilikuwepo kwenye mchoro, na kila moja iliangushwa na ubanaji wa matumizi.

Kinachoniuma zaidi katika habari ya Bhopal ni kwamba kemikali ile haikulazimika kuwekwa pale. Kiwanda kilikuwa kikitengeneza dawa ya wadudu, kabaryli. Methili isosayaneti ilikuwa hatua ya katikati tu, na malighafi zile zile zingeweza kumenyushwa kwa mpangilio mwingine, hatua ya pili ikatangulia ya kwanza, dawa ikapatikana na isosayaneti isiwepo kabisa. Kuna kiwanda nchini Israel kilichofuata njia hiyo. Mkemia Mwingereza Trevor Kletz, aliyefanya kazi katika kampuni ya ICI, alikuwa amelisema wazo hilo tangu mwaka 1977: njia bora ya kuzuia kitu kisivuje ni kutokuwa nacho. Alikuwa ametikiswa na mlipuko wa Flixborough wa tarehe 1 Juni 1974, uliowaua watu 28 katika kiwanda cha malighafi ya nailoni. Alikuwa akiwaambia wahandisi wenzake waache kurundika vali na king'ora juu ya hatari, waulize kwanza kama hatari yenyewe inahitajika.

Swali hilo ndilo linaloongoza leo juhudi za kutafuta njia salama zaidi za kutengeneza polima zinazomenyuka, na halijakosa majibu. Chukua polikaboneti, plastiki ngumu ya vioo vya taa za magari, miwani ya kulinda macho na mabati yanayopitisha mwanga. Kwa miongo mingi ilitengenezwa kwa fosjini, gesi iliyotumiwa kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na ambayo bado ndiyo njia kuu ya kutengeneza isosayaneti za viwandani. Mnamo Januari 2010 bomba dogo la fosjini lilipasuka katika kiwanda cha DuPont huko Belle, West Virginia, na mfanyakazi mmoja akafa; kwa hiyo si suala la nchi maskini peke yake. Lakini tangu mwaka 2002 kiwanda kimoja nchini Taiwan, kwa teknolojia ya kampuni ya Asahi Kasei ya Japani, kinatengeneza polikaboneti bila fosjini. Mahali pake pameshikwa na kabonidioksaidi, hewa ile ile tunayoitoa puani, ambayo vinginevyo ingetupwa kama taka ya kiwanda. Tani makumi ya maelfu kwa mwaka zimetoka kwa njia hiyo. Asiyeamini kwamba kemikali ya kutisha inaweza kuondolewa bila kuua biashara ana jambo la kuangalia hapo.

Kwa rangi na sponji, kazi ni ngumu zaidi na ni vizuri kusema hivyo. Ipo poliurethani isiyopitia isosayaneti hata kidogo. Wakemia huchukua mafuta ya mimea au malighafi nyingine, wakaiingiza kabonidioksaidi hadi kupata kaboneti zenye umbo la pete, kisha wakazimenyusha na amini. Pete inafunguka, kifungo kile kile cha urethani kinazaliwa, na hakuna mahali katika mlolongo huo ambapo fosjini au isosayaneti imeguswa. Mwaka 2015 serikali ya Marekani iliitunuku kazi ya aina hiyo tuzo ya kemia ya kijani, kwa rangi na sponji za kampuni za Hybrid Coating Technologies na Nanotech Industries. Udhaifu wake ni kwamba pete hizo humenyuka polepole. Mara nyingi zinataka kupashwa moto ili zimalize kushikana, na ngozi inayopatikana hupenda kunywa maji kuliko ile ya kawaida. Njia nyingine, inayotegemea mmenyuko uliopewa jina la Mmarekani Arthur Michael, inakauka upesi katika joto la kawaida na tayari imo katika baadhi ya rangi za makopo mawili zinazouzwa kwa malori na mitambo. Hapo fundi hana haja ya kubadili bunduki wala kompresa. Anabadili kopo.

Kabla ya kuzifikia njia hizo mbili kuna hatua ndogo ambayo nchi yetu ingeweza kuidai hata kesho. Ndani ya hadina kuna molekuli kubwa za isosayaneti zilizounganishwa tayari, na pia kuna mabaki ya molekuli ndogo ambazo hazikuunganishwa. Hizo ndogo hupaa kwa urahisi na ndizo zinazotisha zaidi. Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba tangu tarehe 24 Agosti 2023, mtu yeyote anayetumia kazini bidhaa yenye molekuli hizo zaidi ya asilimia 0.1 lazima awe amepata mafunzo yenye cheti. Sheria hiyo iliwasukuma watengenezaji wakubwa kuanza kuuza hadina zilizosafishwa hadi chini ya kiwango hicho. Hazijawa salama kabisa, kwa sababu hata ukungu wa molekuli kubwa huleta pumu, lakini ni hatua. Hofu yangu ni juu ya kinachofanyika kwa bidhaa ya zamani iliyokosa soko Ulaya. Nchi isiyoweka kiwango chake mwenyewe huwa ndipo bidhaa kama hiyo inapopata mnunuzi.

Hapa lazima niweke tahadhari, kwa sababu maneno mazuri yameanza kuuzwa. Siku hizi utasikia godoro la kijani, rangi ya kijani, sponji ya mimea. Mara nyingi maana yake ni kwamba sehemu ya mafuta ya petroli imeondolewa ikawekwa mafuta ya mbarika. Mbarika ni mmea mzuri sana kwa jambo hili. Unastahimili ukame, huota wenyewe kandokando ya njia na laga sehemu nyingi za Kenya, na karibu asilimia 90 ya mafuta yake ni asidi ambayo tayari ina mkono wa kushikana na isosayaneti bila kufanyiwa kazi nyingine ya ziada. Nimesikia watu wakiota mashamba ya mbarika Turkana, na si ndoto mbaya, ingawa mbegu zake zina sumu ya risini na mfugaji wa mbuzi ana haki ya kuuliza zitapandwa wapi. Lakini sponji ya mbarika inayokandwa kwa isosayaneti ile ile inamdhuru mfanyakazi vile vile. Mmea umeingia upande mmoja wa mlango, sumu imebaki upande wa pili. Kutoka shambani si sawa na kuwa salama.

Korosho inafundisha jambo hilo kwa ukaribu zaidi, na ni jambo letu wenyewe wa Afrika Mashariki. Kati ya ganda la nje na kokwa la korosho kuna mafuta meusi mazito. Yeyote aliyebangua korosho kwa mkono huko Kilifi au Mtwara anayajua: yanachoma ngozi, yanaacha vidole vyeusi na malengelenge. Mafuta hayo hayo yakipashwa moto na kukenekwa hutoa kadanoli, mojawapo ya malighafi bora ya polima zinazomenyuka inayotokana na mti. Inatengeneza vigumishi vya rangi za epoksi zinazoshika hata kwenye chuma chenye unyevu, inaingia kwenye pedi za breki za magari, inaweza kuchukua nafasi ya fenoli ya petroli. Wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Egid Mubofu, wameandika na kufanyia utafiti mafuta hayo kwa miaka mingi. Mwenzao Mwaikambo alishirikiana na Chuo Kikuu cha Bath kuyafanya gundi ya kushika nyuzi za mimea ziwe mbao. Elimu ipo. Lakini mtu akiniambia gundi hiyo ni safi kwa sababu imetokana na mkorosho, nitamwomba aonyeshe kwanza mikono ya mwanamke aliyebangua. Njia salama zaidi huhesabiwa kuanzia mkono wa kwanza hadi kifua cha mwisho, na katikati ya mlolongo huo hakuna mtu wa kurukwa.

Nirudi kwenye gereji za kwetu. Nani ana nguvu ya kubadili kopo linalofika Kakuma? Si fundi, yeye hununua kilichopo dukani, na duka la Lodwar huuza kilichopakiwa Eldoret au Nairobi. Nguvu iko kwa wanunuzi wakubwa, na Turkana ina wanunuzi wakubwa kadhaa. Serikali ya kaunti ina magari ya wagonjwa, malori ya maji na mitambo ya barabara. Mashirika ya Umoja wa Mataifa na yale ya misaada yana magari mengi yanayokwaruzwa na miba kila wiki. Wote hao hutoa zabuni za matengenezo, na zabuni ni karatasi yenye masharti. Wanaandika aina ya tairi na mafuta ya injini wanayotaka. Wanaweza kuandika pia kwamba rangi ya makopo mawili iwe isiyo na isosayaneti pale inapopatikana, na pale isipopatikana, hadina iwe chini ya kile kikomo cha asilimia 0.1 na kazi ifanywe katika chumba chenye hewa ya bomba. Mfanyabiashara akiona agizo la uhakika la mwaka mzima ataileta bidhaa, na ikishakuwa rafuni itamfikia pia mwenye probox.

Itagharimu zaidi, sikatai. Rangi zisizo na isosayaneti bado ni ghali na ni chache. Lakini kwa sasa gharama ya rangi ya bei nafuu inalipwa na kijana wa miaka 30 anayeshindwa kupanda ngazi, na familia yake, na zahanati inayompa dawa ya kikohozi mwaka baada ya mwaka. Bei hiyo haionekani kwenye risiti kwa kuwa inalipwa na mtu mwingine.

Shirika la Viwango la Kenya nalo lina mfano wake wa kuufuata. Kwa rangi za kawaida za nyumba tumekubali kikomo cha madini ya risasi cha sehemu 90 kwa milioni. Hatukumwambia mama achunguze ukuta kabla mtoto hajaulamba; tuliweka sharti juu ya kinachoingia kwenye kopo. Hadina inastahili sharti la aina hiyo hiyo. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 tayari inawataka wauzaji wa kemikali waziwekee lebo na kutoa karatasi ya maelezo ya usalama, wakati Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji na kulindwa afya yake. Lebo ya herufi ndogo za Kiingereza au Kichina, mbele ya fundi asomaye Kiswahili, Kisomali au Kiarabu cha Juba, haijatimiza haki hiyo. Kwenye hadina halali kuna alama ya kimataifa: pembe nne nyekundu, ndani yake umbo jeusi la mtu, na kifuani mpasuko mweupe kama nyota. Alama hiyo inawekwa kwa kemikali zinazoweza kuleta pumu kwa kuvutwa. Nimewaonyesha watu kadhaa wanaoshughulika na rangi, wakasema wameiona mara nyingi na hakuna aliyewahi kuwaeleza maana yake. Fundi hafai kujifunza maana yake baada ya kifua kuanza kubana.

Kuna mambo yasiyosubiri zabuni wala kiwango. Si kila kitu kinahitaji rangi ya hadina. Lango la duka, mkokoteni wa punda, kitanda cha chuma, ubao wa jina la hoteli, vyote vinatosheka na rangi ya kopo moja, isiyo na isosayaneti, ambayo itafifia mapema na kupakwa tena. Hata gari, sehemu ndogo iliyokwaruzwa inaweza kupakwa kwa brashi badala ya kupuliziwa, na hapo ukungu haupo. Vyuo vya ufundi vya Lodwar na vile vya kambini vinaweza kumfundisha mwanafunzi kuchagua rangi kulingana na kazi kabla ya kumfundisha kuipuliza. Tangu Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 itambue haki ya mkimbizi kujitafutia riziki, wanafunzi hao watakuwa wengi zaidi, na watatoka wakifungua vibanda vyao.

Jambo la makopo matupu linanisumbua zaidi ya yote. Turkana chombo hakitupwi. Kopo lenye mfuniko mzuri litabeba maziwa, maji au mafuta ya kupikia. Hadina iliyobaki ikikutana na maji hutoa gesi, na kopo likifungwa linaweza kuvimba na kupasuka. Kinachobaki ukutani mwa kopo kina viyeyushi visivyofaa kukaribia kinywa cha mtoto. Muuzaji anayepokea chupa tupu za soda anaweza kuwekewa sharti la kupokea makopo matupu ya hadina, na fundi akarudishiwa shilingi chache kwa kila moja. Likitobolewa kwa msumari papo hapo dukani, halitabeba maziwa tena.

Na katika zahanati, daktari au afisa wa kliniki anayemsikiliza mtu mwenye kifua kinachobana usiku aulize swali ambalo daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini alilisisitiza tangu mwaka 1700: unafanya kazi gani? Huku kwetu kikohozi kirefu hupelekwa haraka kwenye vumbi au kifua kikuu, na mara nyingi ni sawa. Lakini makohozi yakipimwa mara mbili yasionyeshe kitu, na mgonjwa akasema anajisikia vizuri Jumapili na vibaya Jumanne, swali la pili liwe kuhusu kopo dogo. Jibu lake liandikwe kwenye kadi, na kaunti iyahesabu majibu hayo kila mwaka, kwa sababu afya ni jukumu lake kikatiba na kwa sababu idadi hiyo ndiyo itakayomkalisha mezani muuza rangi wa Nairobi na ofisa wa viwango.